Injini Niliyoiuza kwa Kilo

Tangazo niliandika mwenyewe, nikalibandika kwenye kioo cha mbele: Pontiac GTO ya 1966, imefufuliwa yote, injini mpya, breki mpya, kiyoyozi, inauzwa. Chini yake nikaongeza kwamba injini ya awali ilipotea zamani, kabla gari halijafika mikononi mwangu. Maneno hayo ni uongo. Nilipoyaandika niliamini ni kweli. Nilipoujua ukweli niliyaacha pale kwa siku kumi na moja.

Ufundi nimejifunzia Dar, Gerezani. Pale injini si kitu cha kulilia. Landrova ikifa injini inafungwa ya Toyota, na mwenye gari anamshukuru Mungu. Kisichochezewa ni namba. Kadi ya gari ya kwetu inataja namba ya chesisi na ya injini pia. Nilipofika Michigan nikakuta hati ya gari ya huku inajali chesisi tu, na nikajiona mimi ndiye mwenye macho kuliko wenyeji.

Gari nililinunua kwa bibi mmoja mjane anayeishi karibu na mji wa Pontiac, mji lilikotengenezwa. Mumewe alilichukua likiwa jipya. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imekula sakafu, unaweka mguu unaona simenti ya banda.

Nilianza na chesisi, maana GTO bandia ni nyingi. GTO zenyewe zilipoanza mwaka 1964 hazikuwa hata gari la peke yake. General Motors, wenye Pontiac, walikuwa wamepiga marufuku injini ya zaidi ya inchi za ujazo 330 kwenye magari ya ukubwa huo, na Pontiac, enzi za mhandisi wao John DeLorean, wakaikwepa amri kwa kuiuza injini ya 389, lita 6.4, kama nyongeza tu juu ya gari lao la LeMans. Mwaka 1966 ndipo GTO ikapata namba zake yenyewe, zinazoanza na 242. Hii ilianza na 242. Moyo ukatulia.

Kisha nikainamia injini. Mbele ya bloku, upande wa abiria, kuna herufi mbili na namba. Nikaisugua kwa brashi ya waya, nikailinganisha na ya chesisi. Wala hazikukaribiana.

"Bibi, hii injini si ya gari hili."

"Ni yake," akasema. "Haijawahi kutoka humo. Ningejua."

Nikatabasamu, lile tabasamu la fundi kwa mwenye gari. Nikaipiga picha ile namba ili asije akanibishia, halafu nikamkata dola 3,000 kwenye bei kwa ajili ya injini ya kuazima. Hakubisha. Aliniambia tu kwamba mumewe angebisha.

Zile kabureta tatu zilizokaa juu ya injini, mtindo ambao kwa GTO uliishia mwaka ule wa 1966, niliziuza kwa bei iliyonifurahisha. Bloku ilikuwa imekwama, silinda mbili zimejaa kutu. Mtu mwenye subira angeitoboa upya na kuifufua. Mimi niliinyanyua kwa winchi nikaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pamoja na ekzosi na springi kuukuu. Wakanipa dola 52 kwa mzigo wote, nikanunua chakula cha mchana.

Mahali pake nikafunga LS3 ya lita 6.2, nguvu za farasi 430, ambayo asubuhi ya baridi inawaka kwa mguso mmoja. Breki za diski sizijutii hata leo. Gari lile lilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, na nguvu za farasi 335 au zaidi mbele yake. Waliokuwa wakishindana nalo usiku barabara ya Woodward, huku Michigan, walikuwa na imani kubwa kuliko yangu.

Woodward ndiko nilikokwenda kuliuza, Agosti, siku ambazo magari ya zamani huijaza barabara ile kutoka pande zote za Marekani. Mzee mmoja alizunguka gari mara mbili, akasoma tangazo, akauliza nimejuaje kwamba injini ilipotea. Nikamweleza habari ya namba. Akavua miwani.

"Namba hazitakiwi kufanana," akasema.

Mimi nilizoea Camaro za 1969, ambazo bloku hubeba sehemu ya namba ya chesisi. Pontiac walianza kufanya hivyo kwa magari ya 1968. Kabla ya hapo kila injini ilipewa namba yake, na mahali namba mbili hizo zinapokutana ni kwenye karatasi za kiwanda, ambazo kumbukumbu zake bado zipo na mtu yeyote anaweza kulipia nakala. Pontiac yenyewe ilifungwa 2010, karatasi hazikufa.

Nililipia. Nakala ilipofika nikafungua simu nikaitafuta ile picha niliyoipiga kumkomoa bibi. Nikasoma tarakimu moja moja, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Zote zilikuwa zilezile.

Kule kwenye vyuma chakavu hawakuelewa hata ninauliza nini.

Siku ya kumi na mbili nililibandua tangazo. Mnunuzi alipopatikana nilimwonyesha nakala na picha, nikamweleza yote. Akacheka, akasema yeye anataka gari la kumpeleka mkewe kanisani, tena lenye kiyoyozi. Bei haikushuka hata senti, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana.

Bibi alikuwa ameomba alisikie kabla halijaondoka. Nikalipeleka, nikaliwasha mlangoni kwake. Akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza.

"Na ile nyingine iko wapi?"

"Nimeihifadhi," nikamjibu.

Zile dola 3,000 nilizitia kwenye bahasha, nikamwambia ni za gari kupata bei nzuri, akazipokea kwa shukrani nyingi. Kuhusu injini sijamwambia mpaka leo. Haya nimeyaandika kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili hakijui.