Siku Nane Maragoli: Chungu cha Mama na Shamba la Mtoni

Mwishoni mwa Aprili mwaka 2023, shule zilipokuwa zimefungwa, nilifunga safari kutoka Nairobi kwenda kwetu Maragoli, katika Kaunti ya Vihiga, magharibi ya Kenya. Sikwenda kutembea tu. Ndugu zangu wawili walikuwa wamenipa ujumbe wa kupeleka, nami niliukubali kwa moyo wangu wote. Mama yetu, ambaye ni mjane, ana kishamba kando ya kijito chini ya nyumba, nacho hakizidi robo ya eka. Hapo hupanda mboga. Sisi wanawe tulikuwa tumeafikiana ya kwamba kipandwe mikaratusi, kwa kuwa nguzo na kuni zina bei, na mboga, kwa maoni yetu, si kitu. Mimi ndimi niliyechaguliwa kwenda kumshawishi, kwa sababu nimepewa jina la baba yake, naye huniita “Baba”, wala si rahisi kwake kuninyima neno. Nilimchukua pamoja nami binti yangu wa miaka tisa, ambaye alikuwa hajapata kukaa na nyanya yake zaidi ya siku mbili.

NJIANI

Mtu asafiriye kwa basi kutoka Nairobi kwenda Kisumu huweza kuijua nchi kwa kutazama vitu viuzwavyo kando ya barabara. Baada ya kupanda Limuru huona kabichi na karoti. Apitapo Nakuru na kuingia nchi za juu za Molo, huona viazi vimepangwa katika ndoo. Kericho ni majani ya chai pande zote, na mananasi yamewekwa juu ya meza za miti. Kisha gari huteremka bondeni, joto huongezeka, na katika Ahero huona mashamba ya mpunga na ndege weupe wakitembea majini. Nilimwambia binti yangu, “Tazama, kila mahali watu huuza kile walichopewa na ardhi yao.” Akaniuliza, “Na kwa Nyanya wanauza nini?” Nikawaza kidogo, nikamjibu, “Mboga tu.” Neno lile “tu” nililijutia baadaye.

Kutoka Kisumu barabara hupanda mlima kupita Kiboswa, na hapo hewa hubadilika. Ukifika Majengo na Mbale umekwisha kuingia Maragoli hasa: mawe makubwa ya matale yamesimama katikati ya migomba, na nyumba zimekaribiana hata mtu huweza kumwamkia jirani yake bila kutoka uani.

NCHI YENYEWE

Yafaa msomaji aelewe jambo moja juu ya nchi ile. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Vihiga ilionekana kuwa na watu zaidi ya 1,000 katika kila kilometa moja ya mraba. Basi mashamba yamegawanywa baina ya baba na wana, na wana na wajukuu, hata mengine yamekuwa vipande vidogo sana. Mvua hainyimi nchi hiyo: masika huanza Machi na kuendelea hata Juni, na vuli hurudi kuanzia Septemba. Lakini mahindi yapandwayo Machi hayavunwi mpaka Julai na Agosti. Kwa hiyo katika miezi ya Aprili, Mei na Juni, nchi ni ya kijani kibichi kila mahali, na ghala za wengi ni tupu. Mgeni apitaye barabarani husema, “Hawa wana neema.” Mwenye ghala ajua zaidi.

Mwaka ule mambo yalikuwa magumu kuliko kawaida, kwa maana ukame ulikuwa umeziumiza sehemu nyingi za Kenya, na mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 2 ulikuwa umepata kupita shilingi 200 madukani. Nami nilikuwa nimebeba mifuko minne kutoka Nairobi, nikijiona mwana mwema. Mama aliipokea kwa shukrani, akaiweka rafuni, wala hakuifungua mpaka siku ya tatu.

JIKONI

Jioni ya kwanza tulipewa ugali wa wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo, mweusi na mzito, pamoja na mboga mbili. Ya kwanza ilikuwa mlenda, ambao kwetu huitwa murere, uliopikwa pamoja na majani ya kunde. Ya pili ilikuwa mgagani, yaani tsisaga. Binti yangu alionja mgagani akaukunja uso. Mama hakumlaumu. Alisema, “Mwache. Bado haujaiva.” Nikashangaa, kwa kuwa ulikuwa umechemka vya kutosha.

Siku zilizofuata nilikaa jikoni kuliko nilivyopata kukaa tangu utoto wangu, nikaona ya kwamba upishi ule una kanuni zake. Mgagani huchumwa ncha tu, kabla haujatoa maua, na kila uchumwapo huchipua tena. Huchemshwa, ukakamuliwa maji ya uchungu, kisha hutiwa katika chungu cha udongo pamoja na maziwa, ukawekwa usiku kucha. Kesho yake hupashwa moto na kuongezwa maziwa mengine, na kesho kutwa vivyo hivyo. Siku ya tatu uchungu umelainika, maziwa yameingia, na chakula hicho ni kitamu kweli kweli. Hiyo ndiyo maana ya kusema “bado haujaiva”. Siku hiyo ya tatu binti yangu alikula, akaomba tena.

Mlenda, kinyume chake, haungoji. Huoshwa kabla ya kukatwa, hutiwa katika maji yachemkayo, na haukai motoni muda mrefu. Ili ulainike hutiwa maji ya majivu, yaitwayo musherekha. Mama huyatengeneza mwenyewe: mabua na maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yakatiwa katika chombo chenye matundu kilichotandikwa majani makavu, kisha humwagiwa maji, na yale yadondokayo chini, yenye rangi ya chai, ndiyo musherekha. Hutiwa kidogo tu. Akizidisha mpishi, mboga hupata ladha ya sabuni, tena uzuri wake mwingine hupotea.

Marejea, ambayo kwetu huitwa mito, ni machungu kidogo, na hupikwa pamoja na mlenda au kunde ili mmoja amsaidie mwenzake. Mnavu huchemshwa na kuungwa kwa maziwa au kwa njugu zilizosagwa. Majani machanga ya maboga humenywa nyuzi zake kwanza. Tulikula pia mushenye, yaani viazi vitamu na maharagwe vilivyopondwa pamoja kwa mwiko, chakula ambacho mtoto hukila bila kubembelezwa. Usiku mmoja mvua iliponyesha, kumbikumbi walitoka, na watoto wa mtaa mzima wakakimbia na taa na ndoo. Asubuhi walikaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Kuku alichinjwa mara moja tu, siku tuliyofika, kwa heshima ya mjukuu.

Mtu asidhani ya kuwa hivi ni vyakula vya maskini visivyo na nguvu. Wataalamu wamekwisha kuvichunguza. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzifanyia kazi mboga hizi za asili, na imeonekana ya kwamba zina madini ya chuma, chokaa na vitamini A kwa wingi. Hata nchi za ng'ambo zimesikia: mwaka 2021 Shirika la UNESCO liliandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili na desturi zake katika orodha ya mifano bora ya kufuatwa. Tena kunde na marejea ni jamii ya maharagwe, nazo hurudisha rutuba katika udongo uliochoshwa na mahindi. Mama hakusoma hayo popote, lakini kila mwaka huhamisha kunde zake mahali mahindi yalipokuwa.

SHAURI LA MIKARATUSI

Siku ya tano nilipata ujasiri wa kusema lililonileta. Tulikuwa mtoni, yeye akichuma, mimi nikishika kikapu. Nikamweleza habari za nguzo na bei yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Baba, mkaratusi huchukua miaka mingapi mpaka ukatwe nguzo?”

“Sita au saba, Mama.”

“Na katika miaka hiyo saba, mwezi wa Mei nitakula nini?”

Nikamjibu ya kuwa sisi wanawe tutamtumia fedha kila mwezi, kama tufanyavyo siku zote. Aliendelea kuchuma kidogo, kisha akasema bila hasira, “Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa ule na Nairobi ikafungwa, hukutuma kitu kwa miezi mitatu. Ndugu zako nao hivyo hivyo. Sikukuuliza, maana nilijua hamna. Je, ulisikia kwamba nililala njaa?”

Sikuwa na jibu. Ni kweli mwaka ule, tangu mwezi wa Aprili, barabara za kutoka Nairobi zilifungwa kwa ajili ya Korona, nami nilikuwa nimepewa likizo isiyo na mshahara. Kwa miezi ile yote nilifikiri juu ya kodi ya nyumba na watoto wangu, na habari ya chakula cha Mama sikuijalia, nikijiambia tu kwamba “watu wa nyumbani hawakosi”. Sasa nilikuwa nimesimama juu ya kile ambacho hakikukosekana, nami nimekuja kukiondoa.

Jioni ile nilianza kuangalia watu walioingia uani. Alikuja mwanamke kutoka ng'ambo ya kijito, ambaye mumewe alipanda mikaratusi shamba zima miaka minne iliyopita. Akanunua mafungu mawili ya kunde. Akaja mzee mmoja akapewa mnavu bure. Akaja mtoto na senti zake kununua mlenda. Fedha zile zilitosha sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Nikakumbuka pia jambo nililolijua siku nyingi nikalifumbia macho, ya kuwa mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito na chemchemi, kwa kuwa miti hiyo hunywa maji mno. Mimi ni karani. Nyaraka kama hizo zilipita mezani pangu. Kumbe kusoma ni kitu kimoja, na kuelewa ni kitu kingine.

KURUDI

Siku ya nane tuliondoka. Niliwaambia ndugu zangu mambo yote kama yalivyokuwa. Yule mkubwa alikasirika, akasema nimelishwa nikasahau nililotumwa. Huenda ni kweli nililishwa. Lakini baada ya majuma kadhaa yeye mwenyewe alikwenda nyumbani, na tukakubaliana miti michache ipandwe juu kwenye mawe, mpakani, ambako hata muhogo hauoti vizuri, na shamba la mtoni libaki kama lilivyo. Shauri lingine halijaisha: Mama anazeeka, na hatujui bado ni nani kati yetu atakayezipanda mbegu zile mikono yake itakapochoka.

Binti yangu alirudi na mbegu za mgagani zimefungwa katika pindo la leso. Tumezipanda katika madebe yaliyokatwa, nyuma ya nyumba yetu ya kupanga Nairobi. Katika wiki ya tano tulichuma ncha za kwanza, zikatosha sahani moja. Alimzuia mama yake kuzila siku ile ile, akasema zingoje mpaka siku ya tatu.

Kwenu ninyi wenzangu mfanyao kazi mijini, shauri langu ni fupi. Nunueni kile kilicho katika msimu wake, kwa kuwa ndicho kizuri na ndicho rahisi. Msichemshe mboga mpaka ikapoteza rangi yake. Kabla hamjawashauri wazee wenu waondoe kitu shambani, kaeni kwanza jikoni mwao siku chache, mle wanachokula, mwone nani abishaye hodi jioni. Wahenga walisema mgagaa na upwa hali wali mkavu. Huko kwetu hakuna pwani, kuna kijito tu na robo ya eka. Na katika miezi yote ile ya ghala tupu, ugali wa Mama haujapata kuliwa mkavu.