Kuweka si Kuhifadhi



Katika komini yetu ya Panda umeme haupigi hodi, na unapoondoka hauagi. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, yanayotumia maji ya Lufira, hayako mbali na Likasi. Hata hivyo kila nyumba ina mshumaa, na kila mtu anajua kuupata gizani. Tunaanza na jambo hilo kwa sababu ndilo linaloeleza shida ambayo wengi wametuletea: kompyuta iliyorekebishwa sauti jioni, ikiwashwa asubuhi ni bubu tena.

Kompyuta tunazozisema hutumia Linux, hasa ile iitwayo Ubuntu. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 2004, kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji mkalimani kwetu sisi Wabantu. Wenye kipato kidogo huipenda kwa kuwa haiuzwi. Jirani humnakilia jirani, wala hapana aliyeibiwa.

Sisi tuliosomea ualimu tunaitumia katika masomo ya watu wazima wanaojifunza kusoma. Husikiliza sauti iliyorekodiwa huku wakifuata maandishi kwa kidole. Yuko mama mmoja mzee ambaye macho yake hayafuati tena mstari; kwake yeye sauti ndiyo kitabu. Mashine inaponyamaza, wenzake hugeukia ubao, naye hubaki ameketi, mikono mapajani, akingoja bila kunung'unika. Ilipokuwa hivyo kila asubuhi, baadhi yetu walishauri mashine iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kumbe haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa haikumbuki.

Tueleze sababu. Ndani ya Linux, kazi ya kuongoza kadi ya sauti ni ya mtambo uitwao ALSA, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela, raia wa Cheki. Unapopandisha sauti, ALSA hutii papo hapo. Lakini amri hiyo huishi katika kumbukumbu ya muda tu, ile inayofutika umeme ukikatika. Ili idumu, lazima iandikwe katika faili iitwayo /var/lib/alsa/asound.state. Mashine inapowashwa, husoma faili hiyo na kurudisha kila kitu mahali pake. Basi, faili hiyo huandikwa lini? Kwa kawaida huandikwa wakati wa kuzima, mtu anapofuata utaratibu na kuipa mashine nafasi ya kujifunga. Aliyepanga hivyo alidhani kwamba kila siku ya kazi ina mwisho wake mtulivu. Kwetu, siku nyingi hukatwa katikati. Mashine huzimika kabla ya kuandika, na kesho yake husoma habari za zamani: sauti imefungwa.

Dawa yake ni nyepesi. Fungua dirisha la amri, andika alsamixer, kisha bonyeza F6 uchague kadi yako ya sauti. Ukiona herufi MM chini ya nguzo, njia hiyo imefungwa. Isogelee na ubonyeze M mpaka ziwe 00. Pandisha sauti kwa mshale, kisha toka kwa Esc. Wengi huishia hapo, kwa sababu sauti imekwisha kusikika. Lakini bado. Andika sudo alsactl store, utoe neno lako la siri. Sasa hali hiyo imeandikwa, na umeme ukikatika dakika inayofuata, hautaifuta. Kama walimu, tunapenda kuhakiki: shusha sauti makusudi, andika sudo alsactl restore, uone kama inapanda yenyewe.

Ikiwa bado inasahau, tazama mambo mawili. La kwanza, juu ya ALSA yuko msimamizi mwingine: PulseAudio katika matoleo ya zamani, na PipeWire katika Ubuntu tangu toleo la 22.10. Huyu huweka kumbukumbu zake katika folda ya mtumiaji mwenyewe. Kama faili hizo zimekuwa mali ya msimamizi mkuu wa mashine, mtumiaji hawezi kuziandika. Zirudishwe kwake kwa amri ya chown. La pili, mashine ikiwa na kadi mbili za sauti, namba zake zaweza kubadilishana wakati wa kuwasha: iliyokuwa 0 ikawa 1. Andika cat /proc/asound/cards uyaone majina yake, kisha uitaje kadi kwa jina lake wala si kwa namba.

Ndugu, tumeona mashine nyingi zikihukumiwa kuwa mbovu, kumbe zilinyimwa nafasi ya kuandika walichoziambia. Wanafunzi nao ndivyo walivyo. Somo lililoeleweka leo halijawa mali ya mtoto mpaka aliandike, alirudie, aliseme kwa kinywa chake. Mwalimu anayeahirisha marudio hadi mwisho wa muhula anategemea utulivu asioahidiwa: mvua huja, karo hukosekana, mtoto hufukuzwa, na kilichowekwa huondoka pamoja naye.

Nasi wazee tuna mengi tuliyoyaweka bila kuyahifadhi: deni lililosamehewa kwa moyo lakini mdeni hajaambiwa, mpaka wa kiwanja uliokubaliwa kwa maneno matupu, neno la upatanisho linalongoja siku nzuri. Kila mmoja ajiulize ni lipi kati ya hayo ambalo giza likiingia ghafla litafutika. Hilo alihifadhi leo, kungali na mwanga.