Kwenu ni wapi?

Leo tuache desa na bumu, nataka kuongelea hoteli ambayo sijawahi hata kunywa chai yake.

Nina mshkaji ninayeishi naye geto hapa Mkolani, wote tunasoma ualimu. Kwao Ngorongoro. Ada yake inalipwa na kaka yake, mhudumu wa hoteli moja ya kifahari ukingoni mwa kreta. Mliowahi kupanda basi la Arusha linalokatiza Serengeti mnaijua baridi ya pale, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ukichungulia, chini ni kama mita 600. Zile hoteli ghali kabisa, usiku mmoja kwa kichwa unapita dola 1,000. Pigeni hesabu wenyewe.

Kaka anapokea wageni na shuka lake jekundu (siku ya mapumziko anavaa jinzi kama sisi), anabeba mabegi, anamimina kahawa, usiku anawasindikiza vyumbani maana nyati wanazurura hadi mlangoni. Karibu kila mgeni anamuuliza: kwenu ni wapi? Anaonyesha kwa kidole.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Ngorongoro ilitengwa mwaka 1959, Wamasai walioondolewa Serengeti wakaelekezwa huko, waishi pamoja na wanyamapori. Mwaka 1974 waliokuwa ndani ya kreta wakatolewa. Mwaka 2022 serikali ikaanza kuhamishia familia Msomera, Handeni, kule Tanga, ikasema ni kwa hiari. Hoja yake ni kwamba watu na mifugo wamezidi. Ni kweli wameongezeka, kutoka elfu 8 hivi hadi zaidi ya laki moja. Ila vitanda vya wageni navyo vinakunywa maji ya mlima uleule, au nakosea?

Kwa mshkaji wamegawanyika. Mjomba kahama, kapewa nyumba na shamba, anasema ameridhika. Mama hataki kusikia, mzee kazikwa pale. Kaka yupo katikati: akimfuata mama Tanga mshahara unakatika, na ada yetu sote tunajua inavyosubiriwa. Akibaki, kwao kunakuwa bweni la wafanyakazi.

Juzi nikamuuliza mshkaji, ukimaliza utaomba kufundisha wapi?

"Ticha, ngoja kwanza nijue mama atakuwa wapi."