Siku Moja Bangkok

Likizo iliyopita baba alinichukua Bangkok, mji mkuu wa Thailand, alikokwenda kununua nguo za duka lake. Tulipata siku moja tu ya kutembea. Asubuhi tuliingia Wat Pho, tukaona sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wake mita 46. Kisha tukavuka mto Chao Phraya kwa mashua kutazama Wat Arun, ambayo mnara wake umepambwa kwa vipande vya kaure.

Jioni, mlangoni pa hekalu jingine, nilizuiwa kwa kuwa nilivaa kaptura. Niliona haya mno. Baba hakunikaripia, alitoa kikoi chake mkobani, nikajifunga, nikaruhusiwa.

Wenzangu, mwendapo ugenini, ulizeni kwanza desturi za wenyeji.