Umetumwa Wapi?

Baiskeli ya marehemu baba ilikuwa iuzwe Jumatatu. Mama alishapata mnunuzi, na kodi ya nyumba haina subira. Jumapili alasiri, jua lilipolegea, nikamwambia naitoa kidogo.

"Umetumwa wapi?"

"Sijatumwa, mama. Natembea tu."

Akanitazama kama mtu mwenye homa. Kwetu Kikwajuni baiskeli haitembezwi bwana, inabeba. Phoenix hii ilibeba mikate kila alfajiri, ilibeba mkaa, nami juu ya keria nikipelekwa skuli.

Nikapita Mnazi Mmoja na Vuga polepole, nikatokea Shangani kwenye upepo wa bahari. Njia nzima naulizwa: vipi, umetumwa? Mbele yangu watalii wawili na baiskeli za kukodi wanasimama kila penye kivuli, wanacheka. Wao hawaulizwi.

Forodhani nikashuka. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020. Nilitazama nikaona haya. Riwaya yangu, kurasa 84 za kaunta buku, inaanzia humo humo: roshani, mbalamwezi, binti wa mfalme. Hakuna hata mtu mmoja anayenunua mkate. Shafi Adam Shafi alipoandika Kuli, iliyotoka 1979, aliwafuata wachukuzi wa bandarini. Na bandari ilikuwa pale mbele, dakika chache tu kwa baiskeli!

Nikaendelea hadi Malindi, nikaingia vichochoroni. Nyuma yangu sauti ikaita:

"Mwenye boflo! Leo jioni?"

Bibi mmoja, barazani. Aliijua baiskeli, si mimi.

"Shikamoo bibi. Mie mwanawe. Mwenyewe keshafariki, tangu mfungo wa Rajabu."

Akanyamaza. Halafu akafungua fundo la kanga.

"Nina deni lake. Boflo nne. Nikimngoja apite."

Nilikataa. Akanifumba mkono kwa nguvu, noti ndani, akaniuliza kama alisumbuka sana. Nikamwambia hakusumbuka. Uongo.

Mama alizipokea zile pesa bila neno, kisha akauliza nyumba ipi, mlango gani, bibi amevaa nini. Nikamweleza mpaka adhana ya Isha.

Jumatatu mnunuzi akafika mapema. Akataka apunguziwe, ati keria imelala upande mmoja, upande wa tenga la mikate. Mama hakupunguza hata shilingi.