Chui wa Oysterbay na Mkono Wangu

Mwenzangu ndiye aliyenitibua. Nilimwonyesha daftari langu la michoro, kazi ya miezi minane ya kukesha, nikitegemea sifa. Akapekua taratibu, akafunga. "Nzuri sana mpenzi. Ila humu ndani sikuoni." Jamani! Tulinuniana siku tatu, kila mtu na chai yake.

Siku ya nne nikakubali kimoyomoyo. Sura zote nilizitoa kwenye simu: macho makubwa ya katuni za Kijapani, midomo ya warembo wa matangazo. Kila ukurasa ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

Jumamosi nikaenda Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwenye mabanda ya wachoraji wa Tingatinga. Kama hujawahi kufika, harufu ya rangi ya mafuta inakupokea kabla hujaonana na mtu. Halafu macho yanavamiwa: twiga, chui, ndege wa shingo ndefu, wametundikwa mpaka juu, na rangi zao hazina aibu hata kidogo. Nakiri nilikwenda kwa shari. Nilitaka ushahidi wa kumpelekea mtu nyumbani, kwamba hata mafundi wakubwa wanaigana na maisha yanaendelea.

Jina tunalijua wengi, mwenye jina tunamsahau. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akaja mjini kutafuta maisha kama wengine. Alianza kuchora mwaka 1968, kwenye hadibodi, kwa rangi ya kupaka baiskeli, kwa sababu ndivyo vitu alivyovimudu. Rangi ile ni nzito na inang'aa. Kutengeneza nayo vivuli laini ni kujitafutia ugomvi. Basi wanyama wake wakawa bapa, wenye mstari mkali na madoa yaliyopangwa. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kuchora! Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika.

Nikamkuta mzee mmoja ameinamia chui.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, karibu."

Nikamrushia swali langu la shari: chui wote si ni yule yule, mnajuanaje nani kachora? Akacheka mpaka brashi ikatikisika. Akanisimamishia picha mbili. "Tazama madoa. Huyu kayabananisha, ana haraka ya kula. Huyu kaachia nafasi kidole kizima, mpole, hata akiongea utasinzia." Saini hakuigusa. Na kweli, baada ya dakika chache nami nikaanza kuwatofautisha, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake akiwa mbali.

Nikamuuliza yeye mtindo wake aliuchagua lini. Akaniambia hakuchagua. Alinakili picha za mjomba wake miaka na miaka, na kila mara shingo ya ndege ilipinda mahali pale pale. "Mkono ulikataa kunyooka. Nikauacha." Kisha akanigeuzia kibao. "Wewe unachora nini?"

"Watu."

"Watu gani?"

Hapo nikakosa jibu.

Kwenye daladala nikamkumbuka George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005. Yeye alianza na uchongaji wa Kimakonde, na mashetani wake, hata akiwaweka kwenye karatasi, wamekaa kama watu waliotolewa kwenye gogo. Mkono wake ulihama na mizigo yake yote.

Nyumbani nina kiti cha plastiki barazani, mguu mmoja umefungwa waya. Wiki mbili nilikichora kila jioni, simu nikiiacha ndani. Vile vya mwanzo vilitoka kama vya dukani. Cha sita au cha saba nikagundua jambo: nakandamiza penseli mno, mstari wangu ni mnene, na muda wote huo nilikuwa naufuta ili ufanane na wa watu. Kama nawe unaanza, kunakili siyo dhambi hata kidogo, ila tazama mkono wako unagoma wapi. Mimi niliacha kufuta. Kiti kikawa kizito, kimechoka, waya unaonekana kuliko mguu wenyewe. Kibaya, lakini sijawahi kukiona kwenye simu ya mtu.

Jumapili moja mwenzangu akalala kwenye kiti hicho, mdomo wazi. Nikamchora hivyo hivyo, kwa mstari wangu mnene.

Alipoamka akaitazama muda mrefu. "Mbona pua yangu kubwa hivi?" Basi, hakusema lingine. Nimeshamwomba picha hiyo mara mbili niiweke kwenye daftari. Hairudishi.