MTOTO WA MJINI, BOTI KALI NA SHAFTI ILIYOKATIKA MBELE YA KAMERA BUSISI

Jina kapuni, ila wadau wa Sengerema na Mwanza wanamjua. Ni yule kijana wa boti nyeupe yenye spika kubwa, anayekodisha kwa besdei na kwa wasanii wanaotaka video ziwani. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe Juni 2025, kama kilomita 3 kutoka Kigongo mpaka Busisi, biashara yake imechanganya. Kila mtu anataka klipu daraja likiwa nyuma.

Basi Jumapili hiyo ndani ya boti kuna watu saba. Mmoja ni mdada msanii mwenye wafuasi wa kutosha, na jamaa alikuwa anamfukuzia kitambo. Upepo wa mchana ushaamka, mawimbi yanapanda. Jamaa anakanyagia mafuta yote, boti inaruka, simu zote zinarekodi. Mara ya nne au ya tano kitu kikalia "ka!" Injini ikapiga kelele kama imechanganyikiwa, boti ikasimama.

Akampigia fundi wake, mzee mmoja wa mwaloni.

"Mzee shikamoo, nimekwama katikati ya maji."

"Marahaba baba. Injini inawaka?"

"Inawaka, ila haiendi."

"Angalia pembeni, kimaji kinaruka?"

"Hakuna kitu."

"Zima sasa hivi. Shafti hiyo."

Mzee siyo mganga. Kwenye injini hizi za kufunga nyuma, shafti imesimama wima. Inatoka juu kwenye injini, inashuka mpaka giaboksi, na njiani inazungusha impela ya pampu inayovuta maji ya kupoza. Kwa hiyo boti ikigoma kwenda na kimaji bado kinaruka, shafti inazunguka mpaka kwenye pampu. Ugonjwa uko chini, kwenye gia au ule mpira wa ndani ya pangaboi. Vyote vikikata kwa pamoja, tafuta juu: shafti yenyewe au meno yake. Na ukiendelea kukoleza bila maji, unaua na injini.

Sasa umbea wenyewe. Wiki mbili nyuma mzee alishamwambia! Boti ilikuwa inatetemeka, na oili ya gia ilipofunguliwa ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo maana yake maji yameingia. Nyuma ya pangaboi kulikuwa na nyuzi za timba, zile nyavu zilizopigwa marufuku, zimejisokota mpaka zikakata sili. Maji yakiingia beringi zinaota kutu, gia zinazunguka kwa shida, na mzigo wote anaubeba shafti. Dawa ilikuwa sili mpya, kuangalia beringi na kubadili oili. Jamaa akasema wiki ijayo, hela akanunulia taa za bluu.

Halafu kuna hilo la kuruka mawimbi. Wengi wanadhani shafti inaumia boti ikiwa hewani. Hapana, ni ikitua. Pangaboi likitoka majini linazunguka bila mzigo, linashika kasi ya ajabu, kisha linagonga maji ghafla na shafti inasokotwa. Madereva wazoefu wanapunguza mafuta boti ikiinuka, wanaongeza ikishakaa majini. Yeye hakuachia hata kidogo, si kamera zinaona?

Laifu jaketi zilikuwa tatu. Watu saba. Hilo ndilo la aibu kuliko shafti. Upepo uliwasukuma mpaka jua linazama, wakaja kuvutwa kwa kamba na wavuvi wa dagaa waliokuwa wanatoka na taa zao.

Siku hizi kila akirudi anainua injini na kuvua pangaboi kutafuta nyuzi. Anafungua skrubu ya chini kidogo kuona rangi ya oili. Injini ikiwa imezimwa na iko nyutro, analizungusha pangaboi kwa mkono akitazama ncha ya shafti yake fupi, ikicheza, imepinda. Giaboksi likishushwa, meno ya shafti kubwa yanapakwa grisi kwanza. Laifu jaketi ziko kumi.

Na yule mdada? Klipu aliposti kweli, ila ni ile ya boti nyeupe yenye taa za bluu ikivutwa na mtumbwi wa dagaa. Jamaa kamtumia DM tatu. Zimesomwa zote, jibu hakuna.